Mradi unafungwa Desemba, nataka kuhamia uhusiano wa umma: nirudi chuo kwanza?

Swali

Shikamoo. Mimi ni afisa mawasiliano katika shirika lisilo la kiserikali hapa Moshi, huu ni mwaka wa tano. Naandika jarida la kila robo mwaka, nasimamia kurasa zetu za mtandaoni, napiga picha na kuandaa simulizi za wanufaika kwa ajili ya wafadhili. Shahada yangu ni ya ualimu, Kiswahili na Kiingereza. Kazi hii nimejifunzia humu humu ofisini. Mradi wetu unafungwa Desemba. Nimeona tangazo la hoteli moja ya Arusha inayotafuta afisa uhusiano na masoko, lakini rafiki yangu ananiambia kama sina cheti cha uhusiano wa umma nisijisumbue. Nina miaka 33. Je, nirudi chuo kwanza au naweza kuhama hivi hivi? Na hiyo kazi ina tofauti gani na hii ninayoifanya sasa?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako kasema kweli nusu, na hiyo nusu inategemea unabisha hodi mlango gani.

Kama ni serikalini, cheti hakikwepeki. Nafasi nyingi za taasisi za umma hupitia Sekretarieti ya Ajira, na tangazo la afisa habari au afisa uhusiano hutaja shahada ya uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, uhusiano wa umma au fani inayolingana na hizo. Shahada yako ya ualimu itakwama kwenye mfumo kabla hajatokea binadamu wa kusoma barua yako, hata uwe umeandika majarida mia. Umri haukubani, maana matangazo hayo kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45. Kwa hiyo kama moyo wako uko huko, jibu ni chuo, na vyuo vipo: SAUT Mwanza wanafundisha shahada ya uhusiano wa umma na masoko, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana ya uhusiano wa umma na matangazo. Ila ni miaka mitatu. Jambo la miaka mitatu usiliamue kwa hofu ya Desemba.

Kwenye hoteli, kampuni za utalii, hospitali na shule binafsi, na mashirika kama hilo lako, mambo ni mengine. Nimekaa kwenye meza za usaili Arusha mara nyingi, na cheti huwa tunakiulizia mwishoni, tukishajua kama mtu tunamtaka au hatumtaki. Kinachoulizwa mwanzoni ni umefanya nini, kwa ajili ya nani, na kilibadilika nini. Hapo ndipo watu wa mawasiliano wanapoangukia, maana wanakuja na majarida mazuri na picha nzuri, na ukiwauliza jarida lile lilibadilisha nini wanakuambia lilichapishwa kwa wakati.

Hilo linatupeleka kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zito.

Kazi yako ya sasa huanza jambo likishafanyika. Kisima kimechimbwa, unaitwa na kamera. Afisa uhusiano, yule anayestahili kulipwa, anaitwa kabla. Tuseme hoteli iliyo kwenye miteremko ya Meru inataka kuongeza bwawa la kuogelea, na mhandisi amepanga kulijaza Januari, kiangazi chenyewe, wakati vijiji vya chini vinagawana maji ya mfereji kwa zamu na watu wanakesha kulinda zamu zao. Afisa mawasiliano atasubiri bwawa likamilike apige picha ya wageni wakiogelea. Afisa uhusiano ataingia ofisini kwa meneja mwezi wa kumi na moja na kumwambia: mzee, ukijaza Januari, wiki hiyo hiyo mwenyekiti wa kijiji atakuwa hapa getini na watu wake, na ile picha ya bwawa utakayoiposti ndiyo itakayokuwa ushahidi wao. Ngoja masika. Au kaeni nao sasa, mkubaliane.

Sehemu hiyo ya pili, ya kupeleka kwa bosi habari asizozitaka, hakuna aliyekufundisha kwenye mradi. Wafadhili walitaka habari njema, ukawapa. Huko unakotaka kwenda utakuwa sikio la ofisi kabla ya kuwa mdomo wake, na bosi atakununia wakati mwingine. Kama unaona huwezi kumwambia mkurugenzi wako jambo la kumuudhi, kwa adabu lakini bila kuzungushazunguka, nakushauri ubaki kwenye uandishi. Ni kazi nzuri, na waandishi wazuri wa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja si wengi.

Nikupe mfano unaoujua. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka moto, kule Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, watu wa Moshi waliuona usiku wakiwa nyumbani kwao. Jiweke kwenye ofisi ya kampuni inayopandisha wageni usiku ule. Silika yako ya leo ni kuandika posti: tunafuatilia hali kwa karibu, wageni wetu wako salama. Je, wako salama? Umeongea na kiongozi wa msafara? Afisa uhusiano anashika simu kabla ya kibodi. Anataka orodha ya walioko mlimani, wageni na wagumu wote, yaani wapagazi, kwa majina na kambi. Halafu anafikiria mama wa mgumu aliyeko Rombo, ambaye hakuna ofisi inayokumbuka kumpigia. Anafikiria wakala wa Ujerumani ambaye wageni wake wanapanda ndege keshokutwa na anauliza njia gani imefungwa. Kisha anapita ofisini kuwaomba wenzake waache kurusha video kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa na maelezo ya kubuni. Na kuhusu chanzo cha moto anafunga mdomo, maana hilo ni la mamlaka ya hifadhi, si lake.

Siku zilizofuata, maelezo ya awali ya maofisa yalisema moto ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Ghafla kila kampuni yenye wagumu ikawa na swali la kujibu: watu wenu wanapikia wapi, nani anawasimamia, mnawapa vifaa gani? Anayejua majibu hayo ni yule aliyekuwa akiongea na wagumu tangu zamani. Huwezi kuanza kuwatafuta siku ya moto.

Mambo yamezidi kuwa ya haraka. Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti Horombo, mita 3,720. Zamani malalamiko ya mgeni yalishuka naye hadi getini, mkampa chai, mkaongea. Sasa mgeni aliyelalia hema linalovuja anaweza kukuchapia nyota moja akiwa bado juu, na wakala wake anasoma kabla yako. Kumjibu mgeni huyo hadharani, bila kumbishia na bila kujishusha hadi chini, ni moja ya kazi utakazopewa wiki ya kwanza. Anza mazoezi leo. Chukua tathmini mbaya za hoteli yoyote ya Arusha zilizoko mtandaoni, andika majibu yako kwa Kiingereza, yasizidi sentensi tano. Sentensi ya kwanza iguse jambo lenyewe analolalamikia, siyo "asante kwa maoni yako".

Sasa tufike kwenye jambo nililotaka kukuambia tangu niliposoma barua yako. Unasema mradi unafungwa Desemba kana kwamba hilo ni tatizo lako tu. Mdogo wangu, kufungwa kwa mradi ni kazi ya uhusiano wa umma kutoka mwanzo hadi mwisho, na imekuja mezani kwako bila kuiomba. Nenda kwa mkurugenzi wako wiki hii umwombe uandae mpango wa namna mradi utakavyoaga. Wengi hawana. Huandika ripoti ya mwisho kwa mfadhili, hufanya sherehe ndogo na keki, kisha kijiji kinashtuka Februari ofisi imefungwa na pampu imeharibika.

Anza na nani anatakiwa kujua, na nani ajue kwanza. Wafanyakazi wa shirika wajue kabla ya wanufaika, madereva na walinzi wakiwemo, maana dereva ndiye anayeulizwa maswali kijijini kuliko mkurugenzi. Kisha halmashauri, mtendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji, na hao waambiwe uso kwa uso, wasisikie mitaani. Ndipo wanufaika wenyewe, kwenye mkutano wa kijiji au wa kikundi. Wasambazaji mnaodaiana nao wasisahauliwe. Mwenye duka la vifaa akisikia mnafunga na hajalipwa, ndiye atakayekuwa msemaji wenu mjini, na hatasema mazuri.

Halafu andika maswali mabaya. Usiandike yale mnayotamani kuulizwa, andika yale yanayosemwa kwenye kahawa. Hela zimeliwa? Kwa nini kijiji cha jirani kimepewa zaidi? Mtoto wangu mlikuwa mnamlipia ada, Januari nani analipa? Gari la mradi linakwenda kwa nani? Kila swali lipate jibu la kweli la mistari mitatu, lililopitishwa na mkurugenzi, na mkubaliane nani anajibu. Pale ambapo jibu la kweli ni baya, mwambie bosi mapema kwamba ni baya. Kama hakuna wa kulipa ada Januari, mzazi anatakiwa ajue Septemba, si Desemba, ili apate muda wa kuuza kahawa au kuongea na shule. Utakuta mkurugenzi anasema tusiwatie watu hofu. Hapo ndipo unapoonja kazi unayoiomba.

Wakati wa mikutano, nenda na daftari badala ya kamera. Andika walichouliza, kijiji kwa kijiji, kisha upeleke ukurasa mmoja kwa uongozi: haya ndiyo yanayorudiarudia, hili tunaweza kulitatua, hili hatuwezi. Acha namba moja ya simu ibaki hewani hadi Machi, na mtu wa kuipokea. Ukimaliza utakuwa na kitu ambacho watu wenye vyeti vitatu hawana: umeaga jamii nzima, na unaweza kueleza kilichotokea.

Kwenye CV iandike hivyo. Badala ya "nilisimamia mitandao ya kijamii na jarida la shirika", andika kwamba uliandaa na kusimamia taarifa za kufunga mradi katika vijiji kadhaa (taja idadi halisi), kwamba malalamiko fulani yalijitokeza, na yalishughulikiwa vipi. Ukurasa wa kwanza wa CV uwe wa mambo ya namna hiyo, hata kama yametokea miezi michache iliyopita. Jarida liende ukurasa wa pili.

Kuhusu takwimu, kuwa mwangalifu. Mmezoea kuandika "tumefikia watu elfu arobaini". Kwenye uhusiano wa umma kulikuwa na mtindo wa kupima ukubwa wa habari iliyotoka gazetini na kusema ingekuwa tangazo ingegharimu shilingi kadhaa, basi hiyo ndiyo thamani ya kazi. Mwaka 2010, wataalamu wa vipimo vya mawasiliano walipokutana Barcelona, walikubaliana kwamba hicho si kipimo cha thamani ya uhusiano wa umma. Bado utakutana na mabosi Arusha wanaokipenda. Wewe pima kilichobadilika kwa watu: malalamiko ya aina moja yamepungua? Wazazi wangapi walikuwa na mpango wa ada kabla ya Desemba? Wakala aliyesitisha amerudisha wageni? Idadi ndogo inayoeleweka inamgusa bosi kuliko maelfu ya waliopita wakaangalia picha.

Sasa waandishi wa habari. Sidhani kama unawajua wengi, kwa sababu mashirika mengi huwaita siku ya uzinduzi tu. Kilimanjaro wana klabu yao, MECKI, na Arusha wana APC. Kajitambulishe bila kuwa na habari ya kuuza. Ujue nani anaandikia gazeti gani na nani yuko redio, na ujue kwamba mwandishi wa mkoani hana neno la mwisho, habari yake inachujwa na mhariri aliyeko Dar es Salaam. Ukimpelekea taarifa saa kumi na moja jioni umemnyima nafasi. Ukimpa taarifa yenye aya nne za salamu za mgeni rasmi, umemtesa bure.

Na lile la bahasha, yaani hela wanayopewa waandishi wakija kwenye tukio, maana utaulizwa, kama si kwenye usaili basi siku ya tukio. Msimamo wangu ni huu: mwandishi akisafirishwa na ofisi kwenda mbali, gari la ofisi limbebe, au nauli ilipwe kwa orodha ya wazi yenye saini, ilingane kwa wote, na isifungwe na habari kutoka au kutotoka. Zaidi ya hapo unanunua ukimya, na bei yake hupanda kila mwezi. Kuna wenzangu wanaoheshimika watakaokuambia ninaota ndoto. Sawa.

Ukikusanya kazi zako za kuonyesha kwenye usaili, usibebe picha za watoto wa mradi na majina yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, ridhaa waliyokupa wazazi ilikuwa kwa ajili ya shirika, si kwa ajili yako kutafutia kazi. Mwajiri makini ataliona hilo na kukuweka pembeni.

Kusoma usiache. Unaweza kujifunza bila kuingia darasani miaka mitatu. Fahamu angalau ile migawanyo minne ya uhusiano wa umma waliyoiandika James Grunig na Todd Hunt mwaka 1984, kuanzia kupiga debe tu hadi mazungumzo ambayo pande zote mbili zinakubali kubadilika, kwa sababu wanaosaili wamesoma chuo na wanapenda kuisikia. Chartered Institute of Public Relations ya Uingereza wana kozi zenye cheti unazoweza kuzifanya kwa mtandao, ila ada ni ya pauni. Mimi nisingeilipa kutoka mfukoni kabla ya kupata ajira. Ningeiomba kwa mwajiri mwaka wa pili.

Tangazo lenyewe la hoteli sasa. Omba. Lakini soma majukumu, acha cheo. Hapa kwetu afisa uhusiano anaweza kuwa anayepokea wageni mapokezi, anayebandika matangazo, anayetafuta bukingi au anayekaa na mkurugenzi kupanga mambo, na wote wanaitwa hivyo hivyo. Neno "masoko" likiwa pale, inawezekana kabisa wanatafuta muuzaji. Si dhambi, na kwa mwaka mmoja au miwili inaweza kuwa njia ya kuingia kwenye utalii, ambako kwa Arusha ndiko kwenye nafasi nyingi za sekta binafsi. Ukienda kwenye maonyesho ya Karibu-KiliFair mwezi Juni, au Kilimanjaro Marathon hapo hapo Moshi mwanzoni mwa mwaka, utaona kampuni ngapi zina mtu wa mauzo na ngapi hazina kabisa mtu wa kuongea na waandishi. Hizo za pili ziandikie barua hata kama hazijatangaza nafasi.

Ukiitwa usaili, uliza wewe pia. Nitaripoti kwa nani, meneja mkuu au meneja wa masoko? Mgeni akiumia hotelini usiku, nani anaongea na nje? Mara ya mwisho kijiji au mfanyakazi kulalamika, mlifanyaje? Wakikujibu bila kutazamana, hiyo ni ofisi ya kufanyia kazi. Wakikujibu kwamba hawajawahi kupata lalamiko lolote, jua hakuna anayesikiliza, na jiulize kama watakuruhusu uwe wa kwanza. Na wakikutajia mshahara, uliza kama ni kabla au baada ya makato, na kama msimu ukiwa mbaya unapunguzwa. Aprili na Mei, mvua zikiwa zimeshika, baadhi ya hoteli hupeleka watu likizo bila malipo. Hilo lisome kwenye mkataba kabla hujasaini na kuhamisha vyombo vyako kutoka Moshi.